Kioo Juu ya Ufa

Dalali alisema: milioni ishirini na mbili, maongezi yapo.
Alisema pia: nyumba imara, matofali ya kuchoma,
kisha akasimama nje, mbali na ukuta.

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imeingia humu miaka tisa, tangu mzee Mwakibete azikwe migombani,
imelala kila chumba,
imeacha darini madoa ya chai iliyozidi majani.
Paa limepinda mgongo
kama mimi asubuhi, mwisho wa zamu.

Nami nina kiinua mgongo.
Sijui nani alikipa jina hilo.
Miaka thelathini na mitatu Makandana,
wodi ya wanaume, wodi ya watoto, mwisho maabara,
ndipo serikali ikaniambia: haya, mama Subilaga, inuka.
Hela ni ile moja. Migongo ni miwili.

Fundi Gwamaka anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole:
hapa panajibu, hapa hapajibu.
Anachoma fremu ya mlango, kisu kinazama hadi mpini.
"Mchwa," anasema. "Wapangaji wa siku nyingi. Kodi hawalipi."
Anahesabu nyuma ya kalenda ya Moraviani,
bati, kenchi, misumari, oili chafu ya kupaka mbao,
anafika milioni kumi na moja
na bado yuko barazani.

Ambakisye ananivuta pembeni.
"Kwa fedha hiyo, Subi, tunapata kiwanja Kyimo,
tunaanza upya, bloku, choo cha ndani."
Ni kweli. Kweli yake imepigwa pima maji.

Ila mimi nimeliona dirisha la jikoni.
Limewekwa chini kuliko madirisha yote,
nikadhani fundi wa zamani alikosea vipimo,
mpaka nilipochuchumaa.
Ukikaa hapo unamenya ndizi
mlima Rungwe wote uko mbele yako.
Aliyejenga alimfikiria mtu aliyekaa.

Na kwenye kona ya dirisha hilohilo, ufa.
Mkono wa mtoto unapita.
Wahenga walituonya tuuzibe mapema,
hawakusema ufanyeje
ukiukuta umekutangulia.

"Ufa si neno," anasema Gwamaka.
"Neno ni kama bado unatembea. Ningepata kipande cha kioo..."
Nikafungua mkoba.
Kilikuwemo kimoja, cha kupimia malaria,
nilichoondoka nacho siku ya mwisho, sijui kwa nini.
Akakibandika kwa saruji, huku na huku ya ufa,
akaandika tarehe kwa msumari: 2 Machi.
Mvua zikiisha, tutakisoma.

Dalali akalalamika: kuna mteja anatoka Mbeya.
Yupo siku zote, huyo mteja anayetoka Mbeya.

Aprili ikanyesha hadi vyura wakachoka.
Usiku mmoja ardhi ikatikisika kidogo,
vikombe vikasemezana kabatini.
Ambakisye akaniuliza kama niko salama.
Nilikuwa nawaza kioo.

Juni, ukungu mpaka magotini, tumerudi.
Nimeinama, jicho moja nimelifumba,
kama zamani.
Kioo kizima.
Ila saruji ya upande wa kushoto imeachia,
unywele tu, ukucha hauingii.

Gwamaka anasema ni saruji, mfuko ulikuwa wa zamani.
Ambakisye anasema ni ukuta.
Jibu la namna hii, maabara,
tuliliandikia maneno mawili: rudia kipimo.
Lakini umri wangu hauna Machi nyingi za kubandika vioo.

Mlima leo hauonekani kabisa.
Nimepindua ndoo, nimekaa dirishani,
nimetoa ndizi mbichi nilizonunua njiani, na kisu.
Namenya. Maganda nayaweka sakafuni, pangu, si pangu.
Nyuma yangu kimya kirefu,
halafu sauti ya Ambakisye kule barazani,
sauti ya mtu anayeng'olewa jino:
"Kumi na nane je?"