Vyumba Viwili, Gjirokastra

Tulikodi vyumba viwili chini ya paa la mawe,
kifungua kinywa ndani ya bei.
Mavyaa, Fiqirete, hakuuliza choo kiko wapi.
Alikwenda moja kwa moja, gizani,
akainama
pale penye boriti fupi.

Usiku, vitonge vya wali vya kukaanga.
Watoto wakalilia chipsi.
Yeye akaonja kimoja, akakirudisha sahanini:
“Nanaa haitoshi.”
Akaingia jikoni bila kupiga hodi,
hatukumwona tena mpaka sahani zilipokuja upya,
mwenye nyumba akizibeba nyuma yake
kama mgeni.

Asubuhi Petrit alilipa: watu watano, usiku mmoja.
Mama yake akazihesabu noti kwa macho.
“Ghali,” akasema,
“kulala kwetu.”