Aliyelala Hapa

Mtu akikuzwa huwa jitu,
mji ukikuzwa huwa jiji:
ndivyo alivyotufundisha Mwalimu Shisia, darasa la tano,
akigonga ubao kwa kifundo cha kidole.
Hakutuambia ni nani hukuza,
wala ni saa ngapi.

Bi Bakhita Rehani anaijua saa.
Usiku wa sensa alinipa kiti cha plastiki, Makina,
kizibao changu cha kung'aa kikimtia mbuzi wake kiherehere,
akasema: Andika polepole.
Karatasi za serikali nazijua tabia.

Alikuwa na miaka sita hati ya mfalme ilipoletwa.
Babake alimbeba begani hadi barabara kuu:
farasi, tarumbeta,
na mtu mwenye manyoya kofiani
akisoma jambo ambalo upepo ulilichukua lote.
Waliamka mjini, wakalala jijini.
Waliporudi, bomba lilikuwa palepale,
na ndoo yao ya kumi na tisa kwenye foleni.

Jiji lilipata karatasi yake asubuhi moja, asema.
Yangu mimi niliifuata miaka kumi na minne.
Babu yako alizaliwa wapi?
Leta mashahidi watatu.
Rudi Alhamisi.
Na Alhamisi za nchi hii, mwanangu,
ni nyingi kuliko watu unaowahesabu.

Akakitoa kitambulisho kwenye mfuko wa sukari.
Pichani amekunja uso.
Hapo nilikuwa nacheka, akasema,
mashine ndiyo iliyonuna.

Nikasoma swali kwenye kioo cha tableti:
Nani analala hapa usiku huu?
Mimi. Wajukuu wawili. Na Sebit.
Sebit yuko wapi?
Kazini, analinda ghala la vigae huko Viwandani.
Basi halali hapa.
Halali popote. Akilala anafutwa.

Nilitafuta kisanduku cha mtu asiyelala.
Hakuna.
Nikampigia msimamizi wangu, Bwana Musembi,
ambaye alikuwa anatafuna kitu.
Hesabu, akaniambia, usifikiri.

Na hapa petu umepaandikaje?
Nikamsomea: Kaunti, Nairobi. Kijiji, Makina.
Alicheka mpaka kikohozi kikamshika,
mjukuu akaamka kumpiga mgongo.
Kijiji! Kumbe jiji limetutia *ki*!
Miaka yote hii nadhani nimo ndani yake,
kumbe nimekaa kwenye silabi.

Akanisimulia walipochora mipaka upya,
kalamu ikapita kati ya jiko na choo:
tukapigia kura huku,
tukajisaidia kule,
na diwani wa kule hakuwahi kuja kushukuru.

Sasa jiji zima mko wangapi?
Sisi, Bi, sio "mko".
Haya, tuko wangapi?
Nikamwambia bado tunahesabu,
ila labda milioni nne na kitu.
Akanyamaza. Akafunga mfuko wa sukari, mafundo mawili.
Hicho kitu, akasema,
ndicho sisi.

Nikaandika mlangoni kwa chaki, mia na kumi na saba.
Mbuzi akaja kuramba ile saba.
Nikaiandika tena, juu zaidi.

Milango mingine sitaisimulia.
Kulikuwa na ya mbwa, ya walevi,
na mmoja ambao mtoto aliufungua nusu
akasema mama ameagiza tuseme hayupo.

Saa kumi na moja alfajiri nikafika kwangu, Kawangware,
viatu mkononi.
Kwenye bati la mlango wangu, chaki mbichi,
mwandiko mzuri wa karani nisiyemjua:
namba ya nyumba, mstari mdogo,
halafu sufuri.

Nilisimama pale na ufunguo.
Nilitaka kumkasirikia.
Lakini alibisha, akasubiri, akaandika alichokiona:
hapa hakulala mtu.
Hata Mwalimu Shisia angempa vema.