Tope la Mkunguya

Kibibi alizamisha bomba, mkono hadi kwapani,
akavuta tope jeusi, lanuka yai viza.
Nikacheka: ndicho ulichosomea, uvundo?

"Humu mna wakazi
wasiowahi kuonja pumzi yako.
Ukiwapulizia, umewaua."

Mwaka ule ziwa lilipokauka
viboko watatu walikwama papa hapa,
wakadidimia polepole, sisi tumeziba pua.
Nilidhani wamekwisha.

Akakanyaga. Mapovu yakapanda.
Akayakinga kwa chupa iliyokatwa kitako,
akafungua kizibo, akawasha njiti.

Buluu.
Kadogo, kama kucha ya mtoto.
Kakazima.

Nilirudi Mpeketoni na harufu vidoleni.
Mama akauliza nimeshika nini.
Nikakosa jina:
kiboko, au walaji wake,
au kile wakitoacho wakishashiba.