Vipandio vya Keko

Gari limelala, husema vijana wa Tabata Kimanga,
na kwao hiyo ni sifa.
Kaka yangu Mrisho ndiye aliyelilaza:
alikata springi, koili mbili kila gurudumu,
akasafiri Maskati, akaniachia ufunguo
na kila tuta la mtaa huu kama mtihani wa taifa.

Sasa linavuja.
Kila alfajiri, juu ya saruji, tone moja jeusi,
la mviringo, kama nukta niiwekayo
mbele ya jibu la mwanafunzi nikiwa sina hakika.

Jeki haiingii. Kandambili haiingii.
Paka wa mama Sikudhani aliingia, akatoka kinyumenyume.
Kaazime jeki ya gereji, wakasema,
nikakumbuka nguo ya kuazima na kile isichokisitiri.

Gerezani nikaonyeshwa vipandio vya chuma, vyekundu,
laki tatu na nusu, tena "kwa ajili yako, ticha."
"Hivi vinabeba hata Fuso!"
Sikuuliza vinabeba nini, niliuliza vinaanzaje:
vimesimama wima kama mtu aliyetukanwa,
na bampa lingevigonga kabla tairi halijavigusa.
Halafu ilikuwa tarehe kumi na tisa.
Mshahara ulikuwa hadithi ya zamani.

Basi nikapiga magoti na rula ya ubaoni.
Toka chini hadi kidevu cha bampa, sentimita kumi na moja.
Toka kidevu hadi tairi linapokanyaga, themanini.
Miaka kumi na sita nawaambia wanafunzi
kwamba tanjenti itawafaa siku moja,
nao hunitazama kama mganga aliyeishiwa dawa.
Siku yenyewe kumbe ni hii, Jumamosi,
nimevaa gauni la kudekia:
nyuzi nane, zisizidi.
Kimo kumi na nane, basi urefu mia na ishirini na nane.
Nikahakiki mara mbili. Nikajipa vema.

Keko, fundi Ngwilizi akauliza kitanda cha nani.
Cha gari, nikasema. Limelala.
"Kama limelala tayari, kitanda cha nini tena?"
Limelala mno, fundi. Nataka kuliamsha.
Akacheka hadi randa ikamtoka mkononi,
kisha akanichagulia masalia ya mkongo,
mbavu za makabati ambayo wenyewe
hawakurudi kumalizia malipo.
Elfu ishirini na mbili, skrubu juu yake.
Ubao juu ya ubao, kila mmoja mfupi kuliko wa chini,
na vumbi la mbao, jekundu, hadi kwenye kope zangu.

Jioni, Hiari wa mama Sikudhani akasimama mbele,
mikono hewani kama anayeita ng'ombe zizini:
lete, lete, lete mwalimu, lete —
mbao zikalia,
nikasahau kupumua,
bampa likapita juu kwa upana wa kidole.
Hendibreki. Gia. Matofali ya nchi sita nyuma.
Nikatandika boksi la friji, nikajiingiza.

Kumbe huku chini ndiko Mrisho alikokuwa akiishi.
"Kila kitu kipya, dada," aliniapia.
Nyaya zimefungwa kwa kamba ya kiatu cha mpira,
ya kijani, ncha zake bado zimekatwa kwa meno.
Ekzosi imezibwa kwa bati la kopo la maziwa
na ng'ombe wa kwenye kopo bado anaonekana, nusu,
jicho moja, pembe moja,
akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.
Nilicheka peke yangu pale gizani,
oili ikinidondokea shingoni.

Bolti ilikuwa imelegea tu.
Spana ya kumi na nne, robo ya duara, ikashika.

Alfajiri, saruji kavu.
Jirani wa tatu ameshakuja kuuliza kama vinaazimwa.
Nikamwandikia Mrisho: limeamka.
Habari za yule ng'ombe sikumwandikia.