Mizani ya Bwera

Kazi yangu ni kung'ata.
Mwaka wa kumi na tisa huu, hapa ghalani Bwera,
watu wanashuka na magunia kutoka Ihandiro na Kyondo,
nami nachomoa punje moja ya kahawa, naiweka kwenye gego.
Ikilia ka, imekauka: hesabu pesa.
Ikilipokea jino kimya kama mgeni mwenye haya,
ina maji. Mwenyewe kailaza kwenye umande
ili mimi nilipie mvua.
Sijawahi kukosea.
Haya, nimekosea mara mbili.

Msimu huu wamekuja wanaotaka kura.

Wa kwanza Bwana Sibendire, shahada mbili,
picha yake na joho imebandikwa
hadi mlangoni pa choo cha soko.
Alizungumza bajeti, asilimia, mfuko wa barabara,
na haki yake nimpe: alijua anachosema.
Vifungu vya sheria alivitaja kwa namba
kama mama atajavyo siku walizozaliwa wanawe.
Nikanyosha mkono.
"Daraja la miguu la Lhubiriha,
lililolipwa mara mbili likajengwa nusu,
si wewe ulikuwa ofisini?"
Akatabasamu. "Swali zuri sana, mama.
Mambo hayo niliyakuta."
Kisha akajibu swali jingine, ambalo hakuna aliyeuliza,
akalijibu vizuri mno, watu wakapiga makofi.
Punje kubwa, inang'aa.
Jino likazama.

Wa pili alileta sabuni.
Sabuni nimeiogea. Yeye sijampima.

Wa tatu Thembo, fundi baiskeli pale njia panda.
Huyo ukimzidishia mia mbili
atakukimbilia hadi mpakani Mpondwe akurudishie.
Tukamwuliza: pesa za kaunti ndogo hutoka wapi?
"Kampala."
Halafu?
"Halafu zinakuja."
Watu wakacheka, naye akacheka nao,
akijifuta mikono kwenye suruali.
Ka, nikaisikia, safi kabisa.
Lakini kuna kahawa kavu isiyo na kitu ndani:
imwage kwenye ndoo ya maji, itaelea.
Hiyo nayo huwa siinunui.

Jioni nikamsimulia binti yangu, Kyakimwa,
aliye kidato cha tatu na hanyamazi.
Nilijisifu kidogo. Nikasema mimi mtu simsikilizi, namng'ata.
Akafunga kitabu.
"Na kokoto lililo chini ya mizani yako?"

Kokoto lile.
Ni dogo, halizidi jicho la mbuzi.
Linakula nusu kilo kwa kila gunia.
Tajiri aliliweka kabla sijaajiriwa.
"Nililikuta," nikasema,
na neno likanirudia mdomoni
likiwa na maji.

Usiku ule sikuhesabu wezi wa watu wengine.
Nilihesabu magunia.
Miaka kumi na tisa, ukiyazidisha kwa nusu kilo,
yanajenga daraja, na ngazi zake.

Asubuhi nikampelekea Thembo karatasi za bajeti,
zile zinazobandikwa ubaoni pa kaunti ndogo
zikasomwa na jua peke yake.
Nikamwambia, "Kaa nazo. Usipoelewa, andika."
Nilijua hatarudi.

Amerudi leo. Siku ya nne.
Maswali kumi na moja, mwandiko wa kupanda mlima,
mafuta ya mnyororo kwenye kila ukurasa.
Matatu ni ya kitoto.
La tano lingemtoa Sibendire jasho.
La saba limeandikwa hivi:
Mizani za maghala ya kahawa hukaguliwa na nani,
na mara ya mwisho ilikuwa lini?

Nimelisoma nikiwa nimesimama,
mkono mmoja juu ya sahani ya mizani.
Sijui kama ameliandika kwa kutojua
au kwa kunijua.
Kura yangu bado iko mfukoni.
Kokoto bado liko mahali pake, lakini ni kwa leo tu.

Nimelisoma tena, polepole, kwa gego.

Ka.