Saa Nane Mchana, Karasjok

Picha arobaini na moja, zote nyeusi tititi.
Theluji iliihadaa kamera:
iliona weupe mwingi, ikafumba jicho.

Jovnna anavuta mwanga kwa kipanya, taratibu,
kama afunuaye chungu akihofia mvuke.
Zatoka pembe za kulungu wa theluji,
kamba, glavu ya shangazi Risten,
na chembechembe za zambarau,
mchanga ambao zizini haukuwapo.

Anaongeza. Anga lageuka maziwa.
Nyuma ya uzio achomoza mtu:
baba mdogo Ánte,
aliyeapa hakanyagi pale tena
tangu ule ugomvi wa mirathi.
Amevua kofia.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
amevua kofia.

“Rudisha giza,” asema Risten.
“Saa nane ilikuwa hivyo.”
“Na huyu?”
“Angetaka kuonekana, angebisha hodi.”

Jovnna airudisha picha usiku wake,
aenda jikoni kuchemsha kahawa.
Birika lachelewa.

Akirudi, shangazi yuko palepale,
ila kiti kimesogea, pua karibu iguse kioo,
na alama ya mwanga
imehama kidogo, unywele tu,
kuelekea kulia.