Taarifa, Mwenyekiti

Saa saba usiku, Kaunas, mwezi wa Juni,
mbingu bado ina weupe wa maziwa yaliyochujwa,
nami nimesimama jikoni, soksi mguu mmoja,
natetea kwa simu, mbele ya watu nisiowajua,
kwamba supu baridi ya bitiruti
ni kinywaji.

Ile ya rangi ya waridi, inayotia doa hata ukiitaja tu.
Mtindi, tango, majani ya kitunguu, yai.
Mimi huinywa kwenye kikombe. Nilisema hivyo tu.
Akatokea mmoja aliyejiita Kijiko cha Fedha:
"Kinywaji? Basi na uji wa mtoto ni kahawa."
Akapewa vidole gumba kumi na tisa.

Ningelala. Lakini shuleni nilikuwa mtunza saa
wa timu ya mdahalo, miaka minne
nikigonga kengele wenzangu wakisema,
bila kupewa dakika moja ya kusema mimi.
Kanuni zote ninazo bado,
kama sarafu za kabla ya yuro:
nzima, zinang'aa, hazinunui kitu.

Kwanza, fafanua mada.
Nikaandika: kinywaji ni kile kipitacho kooni
pasipo jino kuitwa kazini.
"Na yai? Nimeng'oa meno miaka arobaini,
nayajua yanayofanya kazi."
Nikasema yai ni mgeni, halihesabiwi katika kaya.
Pili, mzigo wa uthibitisho ni wa anayedai.
Akasema aliyedai ni mimi.
(Kweli. Nikaruka.)
Akaniita kichwa cha kabichi.
Nikamkumbusha, kwa adabu ya kuudhi,
kwamba hoja hujibiwa kwa hoja,
na kwamba kabichi haijawahi kushindwa mdahalo.

Nikatega saa ya kuchemshia mayai, dakika saba kila mmoja.
Kila nilipotaka kumkatiza niliweka mkono kichwani,
kama tulivyofundishwa, kana kwamba nashika kofia isipeperuke,
nikaliambia friji: Taarifa, Mwenyekiti!
Friji likanguruma.
Nikaichukulia kuwa ruhusa.

Ndipo nikasikia.
Nikituma, chini ya sakafu: ting.
Nikatuma nukta tupu.
Ting.
Nikatuma nukta mbili.
Ting, kisha kikohozi nikijuacho,
cha Bi Danguolė wa ghorofa ya tatu,
daktari wa meno mstaafu,
anayemwagilia maua ya ngazini ambayo si yake.

Mwungwana angenyamaza hapo.
Mimi nilikuwa na dakika mbili za majumuisho.
Nikazitumia zote. Nikamfungia kila dirisha,
nikalibomoa yai, nikakizika kiazi,
nikamalizia kwa lugha ya mabunge:
wanaoafiki waseme ndiyo.
Vidole gumba vikasema ndiyo.
Saa tisa kasoro akaandika: "Haya. Kinywaji."
Saa ya mayai ikalia
katika jiko lisilo na mtu wa kuipigia makofi.

Asubuhi, mlango.
Yuko na sufuria, na aproni ya madoa ya waridi.
"Nimepika nyingi. Sikulala.
Kuna mpumbavu mmoja kwenye simu kanishinda kwa sheria.
Kwa sheria, Vytenis! Utadhani supu ni kesi ya mpaka wa shamba."
Akaketi mezani kwangu bila kukaribishwa.
Akakiona kikombe changu,
na mduara wa waridi ulioachwa chini yake.
Akakitazama. Akanitazama soksi.
Akakisogeza pembeni kwa kidole kimoja,
kama jino lililokwisha kung'olewa,
akatoa vijiko viwili mfukoni mwa aproni.

Nikaweka mkono kichwani.
Akadhani najikuna.
Akaniongezea kiazi.